Kovu la Nyamagana

Vitabu vinavyofundisha fasihi simulizi vina ngano, vitendawili, methali, nyimbo za kazi na mbolezi. Kuna usemi mmoja ambao sijaona ukipewa jina katika vitabu hivyo, ingawa katika wilaya zetu za Tarime na Serengeti unasikika karibu kila juma: stendi, kwa kinyozi, kwenye benchi la fundi baiskeli, na popote wanapokaa watu wazima wawili wenye redio moja. Ni usemi wa mpenzi wa timu moja anapomkumbuka mchezaji marehemu wa timu pinzani. Nataka kuutazama usemi huo kama tunavyotazama shairi au hadithi: unasema nini, unasemwa vipi, nguvu yake iko wapi, na wapi unadanganya. Nimeuchagua kwa sababu ni mojawapo ya nafasi chache ambapo mtu wa huku kwetu humsema kwa wema marehemu asiye wake, na kumsema bila kuombwa.

Nitangulize jambo moja ili msomaji anipime vizuri: mimi ni mpenzi wa Simba. Kwa hiyo mfano wangu mkubwa ni mchezaji wa Yanga, marehemu Gibson Sembuli, na wasemaji ninaowahakiki ni wazee wa Simba wa Mugumu na wa Tarime mjini, watu ambao nimewasikiliza kwa miaka mingi.

Kwanza tukumbushane habari yenyewe. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, zote Dar es Salaam, mbali sana na Mara. Lakini tarehe 10 Agosti 1974 watani hao walikutana katika uwanja wa Nyamagana, katikati ya mji wa Mwanza, kugombea ubingwa wa taifa. Simba ndiyo iliyokuwa bingwa wa mwaka uliotangulia. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa hilo lilikuwa jambo la ajabu. Timu walizozijua kwa sauti ya Radio Tanzania zilikuwa zimewajia mlangoni. Wazee wanasimulia kuwa wengine walishuka kwa meli kutoka Musoma, na wengine walidandia malori ya pamba kupitia Bunda na Magu. Wengi zaidi walibaki nyumbani na redio zao.

Adam Sabu aliipatia Simba bao katika dakika ya 16. Bao hilo lilisimama kwa dakika 71. Katika dakika ya 87, wakati wapenzi wa Simba wameshaanza kuhesabu ubingwa kuwa ni wao, Gibson Sembuli alisawazisha. Mchezo ukaingia dakika za nyongeza, na katika dakika ya 97 Sunday Manara akafunga la pili. Yanga 2, Simba 1. Ubingwa ukahamia Jangwani.

Sasa sikiliza jinsi mzee wa Simba anavyolisimulia bao la dakika ya 87. Jambo la kwanza utakalogundua ni kwamba hatumii maneno ya sifa. Hasemi kuwa Sembuli alikuwa mchezaji bora, wala nyota, wala lulu. Anasema alikuwa na mguu. Kisha anasimama, kama magoti yanamruhusu, anapima hatua, anageuza bega, na kuonyesha jinsi mguu ule ulivyokuwa ukipiga mpira. Sembuli alijulikana nchi nzima kwa mashuti makali, na mzee anayaonyesha mashuti hayo kwa mwili wake mwenyewe, mwili ambao kwa nusu karne umevaa jezi nyekundu.

Jambo la pili ni kwamba wasimulizi hawakubaliani jinsi mpira ulivyofika miguuni mwa Sembuli. Mmoja anauleta kutoka kulia, mwingine kushoto, mwingine anasema beki aliuokoa vibaya. Nimesikia zaidi ya njia nne, na nyingine ni za watu waliokuwa redioni tu, hawakuuona mchezo kwa macho. Lakini dakika haibadiliki hata siku moja. Haiwi ya 85 wala ya 80. Kila mmoja anajua kuwa zilibaki dakika tatu. Maana yake ni kwamba kilichohifadhiwa katika kumbukumbu hii ni kipimo cha maumivu, na maumivu hayo hayakuhitaji macho. Aliyekuwa uwanjani na aliyekuwa kando ya redio wote wawili walipigwa katika dakika ileile.

Linganisha na wazee wa Yanga wanapomsimulia Sembuli huyohuyo. Wanampenda, na wana haki ya kumpenda. Lakini mapenzi yao yamemfanya sanamu. Katika mdomo wa mtu wa Yanga, Sembuli ni mmoja katika orodha ndefu ya mashujaa: huyu, na yule, na mwingine, wote walikuwa hatari, wote hawana mfano. Orodha ni nzuri kwa kujivunia, ila ina tabia ya kuwafananisha watu. Ukimaliza kuisikiliza unajua kwamba Yanga ilikuwa na watu wengi wazuri, lakini hujui mmoja alitofautiana vipi na mwenzake. Mtu wa Simba hana haja na orodha ya Yanga. Anamkumbuka mmoja aliyemuumiza, na kwa kuwa anamkumbuka peke yake, anamwona vizuri.

Hapa ndipo ninapoona thamani kubwa ya usemi huu. Shahidi wa upande wa pili hana faida katika kumsifu marehemu. Mahakamani, mtu akikiri jambo lililo kinyume na masilahi yake, hakimu hutega sikio. Vivyo hivyo mpenzi wa Simba anaposema kuwa Sembuli alikuwa na mguu, neno lake lina uzito kuliko la mwanachama wa Yanga mwenye kadi.

Lakini mhakiki hapaswi kukubali haraka. Yupo atakayeniambia: faida ipo. Aliyeshindwa ana sababu nzuri ya kumkuza aliyemshinda, kwa kuwa kufungwa na jabali si aibu kama kufungwa na mtu wa kawaida. Hoja hiyo ina ukweli, na nimeshawasikia wasimulizi wa namna hiyo. Dalili yao ni kwamba kadiri wanavyoendelea kusimulia, Sembuli anazidi kukua na Simba inazidi kutokuwa na kosa. Shuti linakuwa radi, nyavu zinachanika, mlinda mlango hangeweza kufanya lolote, hata angekuwa malaika. Hapo marehemu ametumiwa. Amefanywa gogo la kuegemea.

Msimulizi mkweli hutambulika kwa jambo moja: haiondoi timu yake katika habari. Mzee mmoja wa Mugumu, ambaye namhesabu kuwa bingwa wa usemi huu, humaliza kila mara kwa kusema kuwa siku ile Simba walianza kurudi nyuma mapema, wakidhani wameshinda, na kwamba mtu mwenye mguu kama ule haachiwi nafasi. Katika sentensi hiyo moja marehemu amepewa haki yake na walio hai wamepewa lawama yao. Sifa ya Sembuli haikugharimu ukweli kuhusu Simba. Huo ndio usimulizi ninaouita mzuri.

Udhaifu mkubwa wa usemi huu hauko katika kutia chumvi. Uko katika uchaguzi wake. Mtani hukumbuka aliyemuumiza, na aliyemuumiza aghalabu ni mfungaji. Kumbukumbu yake ni ya kovu, na pasipo kovu hapana kumbukumbu. Beki wa Yanga aliyekaba kwa dakika 120 pale Nyamagana na kuondoka uwanjani akichechemea hana msimulizi katika Simba. Mlinda mlango aliyezuia mpira wa kuifanya Simba iongoze 2–0, kama alikuwapo, amepotea kabisa, kwa kuwa jambo lililozuiwa halina dakika. Hata Adam Sabu, mfungaji wa bao la kwanza, ana hali hiyo kwa upande wa pili. Bao lake liliwaumiza watu wa Yanga kwa dakika 71, muda mrefu kuliko ambao bao la Sembuli liliwaumiza watu wa Simba kabla ya Manara kulimaliza jambo. Lakini maumivu ya Yanga yalipona jioni ileile. Kwa hiyo katika miaka yangu yote ya kusikiliza, sijawahi kumsikia mzee wa Yanga akisimama kuonyesha jinsi Sabu alivyofunga. Aliyeshinda hana kovu, na asiye na kovu husahau.

Tuligeukie sasa neno lenyewe, watani. Magazeti na redio zimetuzoesha kuziita Simba na Yanga watani wa jadi, hata tumesahau kuwa neno hilo lilikuwa na kazi kabla mpira haujafika. Katika utani wa makabila, kama ule wa Wazaramo na Wanyamwezi uliokuzwa na safari za misafara ya zamani, mtani alikuwa na ruhusa ya kumtukana mtani wake na kumnyang'anya kitu bila kesi. Lakini ruhusa hiyo ilikuja na wajibu, na wajibu ulionekana msibani. Mtani alifika. Alichimba kaburi, alisaidia kazi, na katikati ya vilio aliiga mwendo na sauti ya marehemu mpaka wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka. Huku kwetu Mara utani tunaoujua zaidi ni wa babu na mjukuu, na huo nao una sheria hiyohiyo: anayekutania ukiwa hai ndiye asiyekosa siku ya kukuzika.

Ukiutazama usemi wetu kwa jicho hilo, utaona kwamba yule mzee wa Simba anaposimama na kuiga mguu wa Sembuli hafanyi mzaha wa kizee. Anafanya kazi ya mtani. Anamwigiza marehemu mbele ya wafiwa, naye ana ruhusa ya kufanya hivyo kwa kuwa alikuwa mtani wake. Mtu wa Yanga akiiga, anajisifu. Mtu wa Simba akiiga, anazika. Sina hakika kama mzee mwenyewe angekubali maneno haya, na pengine angenicheka. Lakini nimeona mara nyingi kwamba baada ya kuiga hunyamaza kidogo kabla ya kukaa.

Kazi hiyo ilijaribiwa tena mwaka 2012, na safari hii zamu ilikuwa ya Yanga. Tarehe 6 Mei mwaka huo, Simba iliifunga Yanga 5–0 jijini Dar es Salaam. Mabao matatu yalikuwa ya penalti, na moja kati ya hayo lilifungwa na kiungo Patrick Mafisango, mzaliwa wa Kinshasa aliyechezea timu ya taifa ya Rwanda. Siku 11 baadaye, tarehe 17 Mei, Mafisango alifariki kwa ajali ya gari Dar es Salaam. Mwili wake ulirudishwa Kongo kuzikwa.

Wakati ule utani wa mabao matano ulikuwa bado wa moto. Sisi wa Simba tulikuwa tunawanyooshea Yanga vidole vitano kila tulipokutana nao, stendi, sokoni, hata mlangoni pa kanisa. Habari ya kifo ilipofika, vidole vilishuka. Nilisikiliza kwa makini watu wa Yanga walisema nini siku zile, na kama mhakiki sina budi kusema kuwa mengi yalikuwa maneno ya kuazima. Ameacha pengo lisilozibika. Taifa limempoteza kijana. Mpira umepata pigo. Ni maneno ambayo hutumika kwa kila marehemu, tangu diwani hadi mwimbaji, na hayamhusu yeyote. Siwalaumu. Jeraha la siku 11 halijawa kovu, na mtu hawezi kuligusa jeraha bichi kwa maneno ya uhakika. Waliogopa, nadhani, kwamba wakimkumbuka kwa undani watafika kwenye lile bao.

Miaka ilipopita, usemi ukakomaa. Mpenzi mmoja wa Yanga, dereva wa magari ya abiria kati ya Tarime na Sirari, alinisimulia kuwa Mafisango alipouweka mpira kwenye nukta ya penalti, yeye alimwombea akose, na aliomba kwa dhati kabisa kwa kuwa timu yake ilikuwa inadhalilika. Siku 11 baadaye alijikuta anamwombea mtu huyohuyo apumzike kwa amani. Alisema hajui kama Mungu aliyapokea maombi yote mawili kwa kitabu kimoja. Sikumbuki aliongeza sifa yoyote ya uchezaji. Lakini katika maneno yale Mafisango alikuwa mtu, si pengo. Alikuwa mguu fulani mbele ya mpira fulani, na aliyemtazama alikuwa adui mwenye moyo.

Mfano wa tatu unatoka ng'ambo ya mpaka, na msomaji wa mbali inafaa aelezwe kwa nini unatuhusu. Tarime inapakana na Kenya, na hadi mwaka 2007 wilaya hiyo ilijumuisha pia Rorya, yenye Wajaluo wengi. Redio ya Nairobi ilisikika vizuri huku, pengine vizuri kuliko ya Dar es Salaam. Kwa hiyo tulikuwa na watani wengine wa kuwafuata: Gor Mahia, timu ya Wajaluo iliyoundwa mwaka 1968, na Abaluhya, iliyoundwa mwaka 1964 na baadaye kuitwa AFC Leopards. Mchezaji aliyejulikana kuliko wote wa Abaluhya alikuwa Joe Kadenge, aliyefariki Nairobi tarehe 7 Julai 2019.

Kadenge ameachiwa Afrika Mashariki kumbukumbu fupi kuliko zote ninazozijua. Ni maneno matatu yanayohusishwa na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, ambaye naye alifariki Februari 2025: Kadenge na mpira. Yatazame maneno hayo. Hayana kivumishi hata kimoja. Hayasemi kuwa Kadenge ni hodari, wala mwepesi, wala bingwa. Yanaweka jina na kitu pamoja, basi, na msikilizaji anajaza uwanja mzima mwenyewe. Ndiyo maana yangeweza kusemwa na mtu wa Gor Mahia bila kuona haya. Sifa ingemshinda, taarifa haikumshinda. Kina mama wa Shirati waliouza samaki huku redio imewashwa waliyatumia kumwambia mtoto mbishi asiyetaka kuachia kitu mkononi, na wengi wao walikuwa wa Gor Mahia kwa kuzaliwa. Jina la mpinzani lilikuwa limeingia katika lugha ya nyumbani.

Lakini Kadenge huyohuyo anatufundisha pia kikomo cha usemi huu. Katika uzee wake aliendesha teksi jijini Nairobi. Ni kazi ya heshima, na sisemi kuwa ilimshusha. Ninachosema ni kwamba wakati nchi mbili zilikuwa zikitaja jina lake kwa mapenzi, mwenyewe alikuwa anatafuta abiria, kisha akaugua kwa muda mrefu kabla ya kufa. Mtani wa zamani alichimba kaburi kwa mikono yake. Mtani wa mpira ana mdomo tu. Tukiupima usemi wetu kwa wajibu ulioubeba neno utani, tutakuta nusu ya wajibu inatimizwa kwa ufasaha na nusu nyingine haijaguswa. Wala si kosa la mashabiki peke yao, kwa kuwa klabu zenyewe ndizo zilizokusanya viingilio. Hata hivyo, kumbukumbu inayomfikia mtu kaburini tu ina deni.

Kuna namna moja ya usemi huu ambayo naiona mbovu kabisa, nayo inazidi kukua. Ni kumsifu marehemu wa upande wa pili kwa ajili ya kumchapa aliye hai. Mzee anamtaja Sembuli, na kabla hajamwelezea hatua mbili ameshafika kwa vijana wa leo: hawana mguu, wanapenda fedha, wanaanguka kama wanawali. Sembuli amekuwa fimbo. Vijana nao wanaosikia hivyo kila siku wanafanya jambo la kawaida la binadamu, wanamchukia marehemu wasiyemjua. Nimewasikia wakisema kuwa huyo Sembuli wenu angecheza leo asingepata namba. Sishangai. Wamepewa fimbo, hawakupewa mtu.

Vijana hao wana shule nyingine pia. Katika vibanda vya kuonyeshea mpira pale Mugumu na Nyamongo, wamevaa jezi za Manchester United, Arsenal, Liverpool na Chelsea, na wanajifunza kutoka kwa mashabiki wa Uingereza mema na mabaya kwa pamoja. Mabaya yapo. Ndege iliyoanguka Munich tarehe 6 Februari 1958 iliua watu 23, wakiwamo wachezaji 8 wa Manchester United, na kwa miaka mingi wapo wapinzani walioimba nyimbo za kuwadhihaki marehemu hao. Waliokufa katika uwanja wa Hillsborough mwaka 1989, wapenzi 97 wa Liverpool, nao walipata kuimbwa hivyohivyo. Lakini mema nayo yapo. Februari 2008, katika kumbukumbu ya miaka 50 ya Munich, United ilicheza na jirani yake Manchester City, na wengi walihofia kuwa wageni wangeharibu dakika ya ukimya. Hawakuiharibu. Walinyamaza mpaka mwisho, wakiwa na marehemu wao pia katika ajali ile, kwani Frank Swift, aliyekuwa mlinda mlango wa City, alikufa Munich akiwa mwandishi wa habari. Baada ya ukimya City ilishinda 2–1. Heshima haikupunguza ushindani hata chembe.

Waingereza walimkumbuka mpinzani kwa kunyamaza. Sisi tunamkumbuka kwa kusema na kuiga. Sidhani kuwa njia moja ni bora kuliko nyingine, ila njia yetu inahitaji ustadi zaidi, kwa sababu mtu anayenyamaza hawezi kukosea neno.

Kwa nini nauchukulia usemi huu kwa uzito hivi, wakati ni habari za mpira tu? Kwa sababu ya mahali tunapoishi. Tarime imepigana. Koo za Wakurya zimepigana kwa ajili ya ng'ombe na mipaka ya mashamba, nyumba zimechomwa, vijana wamekufa, na serikali ikafikia hatua ya kuifanya Tarime na Rorya kuwa eneo la kipolisi linalojitegemea. Nimekaa katika misiba ya pande tofauti. Kila upande unawakumbuka marehemu wake kwa majina, na marehemu wa upande wa pili kwa idadi. Sijawahi kumsikia mzee akisimama mbele ya watu wake kusema kuwa kijana wa ukoo ule, yule aliyekufa bondeni, alikuwa mpigaji mzuri wa iritungu, au mchungaji aliyejua ng'ombe. Pengine husemwa chini chini, usiku, nyumbani. Hadharani halisemwi.

Sidai kuwa mpira utamaliza vita. Chanzo cha vita ni ardhi na mifugo, na dawa yake ni mipaka inayoeleweka na sheria isiyopendelea. Lakini kumsema marehemu wa upande wa pili kwa jina, kwa ustadi wake, bila kumfanya sanamu, gogo wala fimbo, ni jambo linalohitaji mazoezi. Huku kwetu mahali pekee ambapo nimewaona wanaume wakilifanyia mazoezi hadharani, bila aibu, ni kwenye benchi la wapenzi wa mpira. Mtu anayeweza kusema kuwa aliyetunyang'anya ubingwa alikuwa na mguu, tayari anayo sentensi ambayo siku moja inaweza kuhitajika kwa jambo kubwa zaidi. Ndiyo maana sipendi sentensi hiyo iharibiwe kwa maneno ya kuazima.

Na muda ni mfupi. Aliyekuwa na miaka 20 siku ile ya Nyamagana sasa amepita 70. Mabenchi yanapungua watu. Kwa hiyo nawashauri vijana jambo dogo: msimuulize mzee wa Simba kama Sembuli alikuwa bora kuliko huyu au yule wa leo, maana mtampa fimbo mkononi. Muulizeni alifanya nini. Atasimama.

Kwa upande wangu, bado namtafuta mzee mmoja wa Yanga, wa Tarime, wa Mugumu au wa popote katika Mara, atakayeweza kunisimulia dakika ya 16: jinsi Adam Sabu alivyoupata mpira, jinsi alivyopiga, na jinsi yeye mwenyewe alivyojisikia kwa dakika 71 zilizofuata, kabla hajajua kuwa angepona. Akipatikana nitafunga safari. Nitakaa nimsikilize mpaka mwisho, na sitamkatiza kumkumbusha la Sembuli.